Turbo ya Odhis na Kiu Yake Yote

Mimi nimestaafu. Msicheke, nyinyi wa Gredi ya Kumi, maana najua mshaanza. Nina miaka kumi na saba, niko Fomu tatu, na kazi ya gereji nimeifanya tangu darasa la saba: kila likizo, kila Jumamosi, na Ijumaa kadhaa ambazo mwalimu wa hisabati aliambiwa nina malaria. Muhula uliopita mama akaona ripoti yangu, akatangaza kustaafu kwangu mbele ya majirani. Watu wengine wakistaafu hupewa hotuba na mbuzi. Mimi nilipewa kitabu cha kemia nikaambiwa nikae.

Basi nimekaa. Na mstaafu akikaa, anaongea, na nyinyi mtasikiliza.

Sisi wa Fomu ndio mkia wa mfumo wa zamani. Tukitoka, mlango unafungwa, na nyinyi ndio mtakaoshika spana kwa Mjomba Okello, ile gereji ya nyuma ya soko la Kibuye hapa Kisumu, penye mabati yaliyoandikwa kwa rangi ya buluu "Tunarekebisha Yote". Chini yake kuna mwandiko mwingine unaosema "isipokuwa akili". Huo ni wangu, na Mjomba amekataa kuufuta kwa sababu anasema unapunguza maswali ya wateja.

Lakini swali moja halipungui. Litawafikia wiki ya kwanza. Atakuja kijana mwenye gari la michezo la milango miwili, limelala chini hivi kwamba likivuka tuta linakwaruza tumbo, na mwenyewe anafunga macho kama ndiye anayekwaruzwa. Atashuka. Atazunguka gari mara moja ili muone viatu vyake. Halafu atauliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Sasa fundi, nikiweka turbo, si hii gari itaanza kula mafuta kidogo?"

Mkifika hapo, msijibu. Mleteeni jiko.

Hilo ndilo somo la Mjomba, na ndilo alilonifundisha kabla sijaruhusiwa hata kufungua boliti ya gurudumu. Mjomba ni mdogo wake mama, mtu mnene asiyependa kuzungumza kabla ya chai ya saa nne. Zamani alikuwa anasikiliza injini kwa kuweka bisibisi refu kwenye chuma na mpini wake sikioni, kama daktari. Siku hizi ana kidude anachochomeka chini ya usukani, kinamsomea ugonjwa kwenye simu. Anasoma, anasonya, kisha anachukua bisibisi lake palepale. Anasema simu humwambia gari linaumwa nini, na bisibisi humwambia mwenye gari anadanganya nini.

Basi mteja akishauliza swali, Mjomba anamkalisha kwenye tairi mbele ya jiko la chai, anampa kipande cha kadibodi.

"Omera, ndugu yangu, pepea."

Kijana anapepea. Makaa yanawaka, sufuria inaanza kuimba.

"Chai imechemka haraka ama haijachemka?"

"Imechemka, Mzee."

"Sasa angalia makaa."

Kijana anaangalia. Nusu ni majivu. Wenye akili hunyamaza hapo, wanakunywa chai na kwenda zao. Wengine husema, "Lakini Mzee, hii ni jiko, ile ni injini." Hao ndio wateja wetu wazuri kabisa.

Sikilizeni basi, niwape bure kile ambacho hao hulipia. Turbo ni feni. Haina uchawi mwingine. Moshi unaotoka kwenye injini kwenda ekzosi huzungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo huzungusha jingine upande wa pili, na hilo la pili husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Kwa kuwa moshi ulikuwa unaenda kutupwa tu, watu hufikiri wamepata cha bure. Hewa ni ya bure, sikatai. Lakini kila hewa inayoingia inadai petroli yake. Usipoipa, moto wa ndani unakuwa mkali kuliko chuma kinavyovumilia, na pistoni inatoboka kama sufuria ya shule. Kwa hivyo fundi anayejua kazi, akifunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo, huongeza petroli hata kupita kipimo, ili ile ya ziada ipoze moto. Umesikia? Kuna petroli ambayo kazi yake si kukusukuma mbele, ni kupoza matokeo ya ujinga wako.

Kuna mjanja mmoja wa chuo alikuja na simu, akamwonyesha Mjomba kwamba magari mapya ya kutoka nje yana turbo na yanakula kidogo. Ni kweli, na msije mkabisha mkaniaibisha. Wanaoyaunda walichukua jiko kubwa wakalitupa, wakaweka jiko dogo lenye feni. Wakati wa kawaida feni imelala na jiko dogo linakula makaa ya jiko dogo. Wakitaka nguvu ya kupanda mlima, wanapepea kidogo, mlima ukiisha wanaacha. Sasa wewe, bwana wa milango miwili, umechukua jiko lako lilelile, ukaongeza feni, na huna nia ya kuacha kupepea mpaka majirani watoke nje. Utaokoa nini?

Nimeona mengi katika utumishi wangu. Nimemwona mtu aliyetoa kichujio cha hewa ili turbo "ivute vizuri", ikavuta vumbi lote la barabara ya Kibos, na ndani yake tukakuta mchanga wa kutosha kujengea choo. Nimemwona mwingine aliyekuja mbio kutoka Sondu, akafika, akazima injini papo hapo ili awahi kupigwa picha. Msizime hivyo. Turbo inazunguka haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na inalainishwa na oili inayosukumwa na injini. Ukizima wakati imewaka moto, oili inasimama ndani yake na kuungua, inakuwa kama ukoko wa ugali. Acha injini ingurume kidogo kwanza. Yule wa picha tulimwambia, akasema sisi tunataka kumlia petroli. Picha ilitoka vizuri. Turbo ikaenda kwa wauza vyuma chakavu.

Na plagi! Mkitaka kujua gari linakunywa, msimuulize mwenyewe, fungueni plagi. Ikiwa na rangi ya biskuti, gari lina adabu. Ikiwa nyeusi na laini kama chini ya sufuria ya kuni, hilo ni mlevi, hata mwenyewe aape kwa jina la nani.

Sasa tuje kwa Odhis.

Odhis anauza simu na makava karibu na stendi ya mabasi. Si mtu mbaya. Ni mkarimu, anacheka mwenyewe kabla ya utani wake kuisha, na angeweza kuishi maisha ya maana kabisa kama asingenunua gari lile jekundu. Kwenye kioo cha nyuma amebandika "Kaa Huko Nyuma". Siku moja akaja gerejini amebeba turbo ya gari lililokatwakatwa Nairobi, ameifunga kwa taulo jeupe kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Mjomba akamwekea jiko. Odhis akapepea, akaangalia makaa, akasema, "Mzee, nimeelewa kabisa. Nifungie."

Tulimfungia. Ilituchukua siku nyingi, na boliti za ekzosi zilizoshika kutu nilizifungua mimi, ngozi ya vidole vyangu ni shahidi. Mjomba akaongeza petroli kwenye kompyuta ya gari, akamwambia kwa Kiswahili, kwa Dholuo, na kwa vidole, kwamba gari sasa litakunywa zaidi. Odhis akaitikia kwa kichwa kama wazazi siku ya mkutano wa shule.

Juma lililofuata jirani yake Odhis akafiwa na baba yake, mwili ukawa unapelekwa nyumbani Kombewa. Mnajua tunavyosindikiza. Gari la maiti mbele, nyuma yake lori la akina mama wa kanisa wenye vitambaa vyeupe wakiimba, kisha kila mtu mwenye chochote kinachonguruma. Na mnajua sheria: hakuna anayelipita jeneza. Odhis huyu anayepita hata ambalansi, siku hiyo alitulia nyuma ya lori, gia ya juu, mwendo mmoja, kutoka Kondele mpaka Kisian, kutoka Kisian mpaka Kombewa. Mimi nilikuwa kando yake, Mjomba alinituma nisikilize kama boliti zangu zinalia. Hazikulia. Hata turbo haikulia. Ililala usingizi njia nzima, pamoja na marehemu.

Tulipofika akanigusa bega.

"Ouma, ona mshale."

Mshale wa mafuta ulikuwa umesogea kidogo tu.

"Umeona turbo inavyofanya kazi?"

"Odhis, umefuata maiti. Turbo haijaamka hata dakika moja."

"Wewe ni mtoto wa shule, una wivu."

Kurudi ikawa vilevile, kwa sababu alipewa akina mama wawili wa kanisa awarudishe mjini, na walimwambia wazi kwamba akikimbia wataomba kwa sauti. Mshale ukalala palepale. Sasa fikirieni: mtu ana gari la mbio, amefunga turbo ili akimbie zaidi, halafu kipimo chake cha mafuta ni matanga! Hapo ndipo alipochukua ushahidi. Hata kabla hatujaondoka Kombewa, wali wa matanga haujaisha, kila mtu pale alikuwa ameshaambiwa kwamba turbo ya Odhis inapunguza mafuta. Kufikia Jumatatu, pale stendi, ilikuwa inasemekana karibu inayarudisha kwenye tangi.

Hayo yangekuwa kelele tu kama si Achieng'.

Achieng' anatoka Mbita, ng'ambo ya ziwa, na Odhis alikuwa anamtaka kwa moyo wote, hapo simcheki. Alikuwa amepangiwa siku ya kwenda kwao kwa mara ya kwanza na wazee, siku ya ayie. Nyinyi mliokulia kwenye simu niwaeleze: neno lenyewe maana yake ni "nimekubali", na ni mama wa msichana anayelisema. Mpaka alitamke, nyinyi ni wageni tu mnaomaliza kuku wa watu. Siku hiyo Odhis alichelewa. Alifika wenyeji wameshanawa mikono na kuinuka mezani. Baba ya Achieng' aliwaaga kwa upole sana, upole ule unaoumiza, akasema watawapa siku moja nyingine, na siku hiyo ikiharibika wasijisumbue tena, kwa kuwa kuna familia ya Homa Bay imeshaulizia.

Kwa hivyo siku ya pili ndiyo ilikuwa siku. Safari ilikuwa ya kufika Luanda Kotieno, kupanda feri ya asubuhi, kuvuka ziwa hadi Mbita. Feri haimsubiri mtu, hata mwenye gari jekundu. Ndani ya gari tulikuwa watatu: Odhis, Mzee Abuya, kaka ya marehemu baba yake, ndiye msemaji, na mimi, fundi wa msafara, na mfuko wa spana. Mjomba alikuja mlangoni kutuaga.

"Jaza tangi," akasema.

"Mzee, iko robo. Inatosha kwenda na kubaki. Si ulisikia ile ya Kombewa?"

"Ya Kombewa ulikuwa unazika mtu. Leo unaoa. Jaza tangi."

"Tumechelewa, Mzee."

Tulikuwa tumechelewa kweli. Bwana harusi alikuwa amepoteza asubuhi akisugua magurudumu kwa mswaki.

Kupita Kisian barabara ikafunguka, na Odhis akakanyaga. Sasa ndipo turbo ilipoamka. Ilianza kama mbu sikioni, ikawa filimbi, kisha kitu kikatusukuma mgongoni, na miti ya barabarani ikageuka kuwa ukuta. Sitawadanganya, ni tamu. Ndiyo maana watu wazima hudanganyika.

Nyuma yangu Mzee Abuya alikuwa amekunjwa, magoti karibu na masikio, kofia ya sherehe mkononi kwa kuwa paa halikuiruhusu.

"Odhis," akasema, "hii ni gari ama ni kiatu?"

"Vumilia, jaduong', mzee wangu, tunawahi."

Tukapita kituo cha mafuta cha Holo. Nikamwambia. Akasema mbele kuko. Tukapita cha Kombewa. Nikamwonyesha mshale: siku ya matanga, tukifika hapo, ulikuwa haujatikisika sana, leo ulikuwa umeshuka kama ripoti yangu.

"Mshale unadanganya gari ikikimbia," akasema. "Mafuta yanarudi nyuma kwenye tangi."

"Yanarudi nyuma yanaenda wapi? Kisumu?"

"Ouma, umeitwa uje usikilize boliti."

"Mtoto anauliza vizuri," akasema Mzee Abuya. "Hayo mafuta yanaenda wapi?"

Odhis alivua kofia yake, akaiweka juu ya dashibodi. Ikafunika mshale. Mimi nimefanya kazi na mafundi walevi, na wauza vipuri wezi, na mwanamume aliyemwaga maji ya betri kwenye redieta, lakini sijawahi kuona mtu akitibu ugonjwa wa gari kwa kofia. Tukapita kituo cha Ndori kwa kasi hivi kwamba mhudumu aligeuka na shingo nzima. Alikuwa ameshainua bomba la pampu, maskini, alidhani tunaingia.

Baada ya Madiany gari likakohoa, kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze. Likakohoa tena. Kisha likanyamaza lenyewe, likaserereka mpaka kando ya shamba la mtama, likasimama.

Turbo ikamalizia kuzunguka kwa sauti ndogo, wiiii, ikaisha.

"Ni joto," akasema Odhis. "Turbo imeshika joto. Tuiache ipoe."

"Petroli imeisha," akasema Mzee Abuya.

"Jaduong', wewe hujui hizi gari."

"Mimi sijui gari. Lakini trakta ya chama cha ushirika ilikuwa inanyamaza hivyohivyo."

Mzee akajikunjua kutoka kiti cha nyuma, kiungo kimoja baada ya kingine, akasimama barabarani, akavaa kofia yake, akatazama upande wa ziwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi nilikwenda kumwombea baba yako mchumba kwa baiskeli ya kuazima. Nilifika kabla ya chai." Na hapo nikamwona Odhis usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka mwanzo wala mwisho. Alikuwa anapiga simu kwa Achieng', na Achieng' hashiki.

Akatokea mtu wa boda boda, amefunga mtungi wa petroli nyuma, anaupeleka ufukweni kwa wavuvi. Tukamsimamisha. Alikubali kutugawia kidogo, chupa moja kubwa ya soda, kwa sababu Mzee Abuya alimweleza ni habari ya ukwe, na hakuna mwanamume wa huku asiyeogopa habari ya ukwe. Odhis akainyakua chupa. Mimi nikamshika mkono, nikainusa kwanza.

Ilikuwa petroli ya boti. Hii jueni: injini za boti hazina oili ya pembeni, kwa hivyo wavuvi huichanganya oili kabisa ndani ya petroli. Boti hufurahi. Gari hulewa.

"Itawaka?" akauliza Odhis.

"Itawaka. Lakini turbo ikiamka na hii kitu ndani, injini itagonga, plagi zitajaa masizi, na tutalala hapa na mtama. Na chupa yenyewe ni moja. Ukikanyaga vile ulikuwa unakanyaga, itakufikisha kwa ule mti."

"Sasa nifanye nini?"

"Fanya kama jeneza liko mbele."

Alinitazama kama anataka kunipiga. Kisha akaingia, akawasha, moshi wa buluu ukajaa barabarani, na tukaanza kwenda.

Vijana, mimi nimekaa kwenye magari mengi, lakini sijawahi kuona mateso kama ya Odhis kwenye kile kipande cha barabara. Gia ya juu, mguu kama anakanyaga yai. Tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba ndizi. Tulipitwa na watoto wanaokimbia, wakasoma kile kibandiko cha nyuma kwa sauti, "Kaa Huko Nyuma!", wakacheka mpaka wakaanguka. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa za omena aliona moshi wetu ukija, akazifunika kwa nailoni na kutulaani. Odhis alikuwa anatoka jasho. Kila mara mguu ukitaka kushuka, alikuwa anajiambia, "Pole pole, pole pole," kama anambembeleza mtoto mkali.

Na chupa ile moja, ile ile ambayo kwa mguu wake wa kwanza isingetutoa mbali na ule mtama, ikatubeba mpaka tukaliona ziwa, na feri bado imeteremsha ulimi wake wa kupandishia magari.

Gari likazima chini ya ulimi wenyewe. Wahudumu wa feri walikuwa wameshaanza kupunga mikono. Odhis akaruka nje akasukuma, mimi nikasukuma, halikupanda. Akina mama wa samaki waliokuwa wameshakaa na beseni zao wakatuangalia kwanza, wakaridhika, kisha wakashuka.

"Yawa jamani, si hii ndio ile ya kukimbia?" akauliza mmoja.

"Imechoka kukimbia, inataka kubebwa."

"Bwana harusi, kuwa mpole na mgongo, utahitajika!"

Wakalisukuma gari la michezo mpaka ndani ya feri, wakaliacha kati ya pikipiki na magunia ya mkaa, wakafuta mikono.

Ng'ambo tulilisukuma gari nje ya feri, tukaliacha ufukweni na kupanda boda boda. Tulifika kwa kina Achieng' kabla ya chai, Mzee Abuya mbele na kofia yake, Odhis nyuma na harufu ya boti. Tukakaribishwa, tukaombewa, wazee wakasalimiana kwa urefu unaotakiwa. Kisha baba ya msichana akasema Achieng' aitwe, aulizwe kama anawajua wageni hawa.

Achieng' anauza barafu kwa wavuvi. Ana jenereta mbili, na jenereta ni kitu kinachokufundisha petroli kuliko shule; harufu ya mafuta ya boti kwa mtu wa gari ilitosha kumweleza kwamba tuliishiwa njiani. Aliingia, akapiga goti kidogo kwa wazee, akasimama.

"Unawajua hawa?"

"Namjua mzee," akasema. "Huyu mwingine anayenuka oili, nina swali kwanza."

Shangazi mmoja akaacha kumenya njugu.

"Odhis, njiani umepita vituo vingapi vya mafuta?"

Mzee Abuya akafungua mdomo ili aseme kitu cha kuokoa, kisha akaufunga. Hili halikuwa la msemaji.

"Vitatu," akasema Odhis.

"Na hukusimama."

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

Nilijua majibu yote aliyokuwa nayo. Joto. Mshale. Mafuta yanarudi nyuma. Nilimwona akiyapitia moja moja, na baba ya msichana alikuwa anaangalia saa, na mahali fulani Homa Bay kuna familia ilikuwa inasubiri ajibu vibaya.

"Kwa sababu," akasema, "nilikuwa nimeshaambia watu wote kwamba haihitaji."

Achieng' alimtazama kama anavyotazama barafu kuona kama itafika sokoni. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, pokea. Huyu anaweza kufundishwa."

Na mama akasema neno lile. Shangazi wakapiga vigelegele, na mimi nikala kuku kwa niaba ya mafundi wote wa Kibuye.

Mchana huohuo tulijaza tangi Mbita mpaka shingoni, nikasafisha plagi zilizokuwa nyeusi kama dhambi, tukavuka. Odhis aliendesha kwa adabu. Ndori tukapita kwa adabu. Mzee Abuya akaanza kusinzia. Karibu na Kombewa, lori la kubeba mchanga likatufikia nyuma, likapiga honi, likatupita, na utingo wake akatupungia mkono kutoka juu ya mchanga, akicheka.

Nikamwangalia Odhis. Vidole vikakaza usukani. Mguu ukaanza kushuka, na kwa mbali nikasikia mbu yule akianza kulia.

Nyuma, bila kufungua macho, Mzee Abuya akasema, "Odhis. Msichana bado hajahamia kwako."

Mguu ukapanda. Mbu akanyamaza. Na nyinyi mnaokuja nyuma yangu, mkiulizwa pale gerejini kama kuna kifaa kinachopunguza mafuta kwenye gari la turbo, semeni mstaafu wenu alikiona kimoja tu kikifanya kazi, kilikuwa kimekunjwa kiti cha nyuma, na hakiuzwi dukani.